Duma wa Nchi ya Katavi

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mnyama ambaye jina lake lajulikana na watu wengi, lakini waliomwona kwa macho yao ni wachache. Mnyama huyo ni duma. Nchi tutakayoisema hasa ni nchi ya Mpanda na mkoa wote wa Katavi, tangu mbuga za Mto Katuma na Bonde la Rukwa mpaka misitu ya Inyonga inayoelekea Ugalla.

Labda mtu atauliza, "Mbona mwatuletea habari za duma? Huku kwetu tunasumbuliwa na simba, na fisi, na tembo wanaokula mahindi, na viboko wanaokanyaga mpunga. Duma ametufanya nini?" Swali hilo ni la haki. Duma hakutufanya neno kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo aweza kutoweka pasipo mtu kuona kwamba anatoweka. Tembo wakiisha, kila mtu atajua. Simba wakinyamaza usiku, wazee watasema. Lakini duma hanguruma, haji mlangoni, tena hakai mahali pamoja. Akifa mmoja mwaka huu katika mtego, na wawili mwakani kwa mikuki, hapana atakayepiga mbiu.

Nao si wengi hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2016 wataalamu wa nchi nyingi, wakiongozwa na Bibi Sarah Durant aliyewachunguza duma wa Serengeti kwa miaka mingi, walichapisha hesabu yao ya duma wa dunia nzima. Walikadiria kwamba wamebaki kama 7,100, na kwamba nchi wanazokaa leo ni sehemu 9 tu katika kila sehemu 100 za nchi walizokaa zamani. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, kundi kubwa ni lile la Serengeti, Mara na Tsavo, ambalo ni zaidi ya elfu. Kundi la Katavi na Ugalla likakadiriwa kuwa makumi tu. Mkiweka duma wote wa Katavi na Ugalla katika uwanja wa shule, wangesimama kwa raha, na nafasi ya mpira ingebaki.

Kwanza inafaa tumtambue mnyama mwenyewe, maana huku bara mara nyingi kila chenye madoa huitwa chui, na jina hilo moja limewaponza wasiohusika. Wako watatu wanaochanganywa. Chui mwajua: mnene wa shingo na mabega, miguu yake mifupi, na madoa yake yamekusanyika kama pete zilizokatika. Wa pili ni mondo, mnyama mdogo mwenye miguu mirefu, masikio makubwa na mkia mfupi. Huyu hula panya na ndege, na pengine huingia katika banda la kuku. Wa tatu ndiye duma. Yeye ni mrefu, kiuno chembamba kama cha mbwa wa kuwinda, kichwa kidogo. Madoa yake ni meusi, ya mviringo, yamejaa, kila doa peke yake. Tena usoni ana mistari miwili myeusi inayotoka katika pembe za macho na kushuka mpaka pembe za kinywa, kama mtu aliyelia akaacha machozi yakauke. Hapana mnyama mwingine wa namna ya paka katika nchi yetu aliye na mistari hiyo.

Na kama hamkumwona mwenyewe, yatazameni mavumbi ya njia. Simba na chui huficha makucha yao wanapotembea, kwa hiyo nyayo zao hazina alama ya kucha. Makucha ya duma hayaingii ndani yote. Hubaki nje na kushika ardhi anapokimbia, kama misumari ya viatu vya mchezaji. Basi unyayo wa duma huonyesha kucha, na mtu wa haraka husema, "Ni mbwa." Mwangalie vema: wa mbwa na fisi hauna ile kanda ya nyuma iliyogawanyika sehemu tatu kama ya paka.

Mbio zake zimesifiwa tangu zamani, lakini watu wamezoea kuzisifu kwa kubuni. Katika habari zilizochapishwa mwaka 2013, wataalamu waliowafunga duma wa Botswana kola zenye vipimo walisema duma mmoja alifikia mwendo wa kilomita 93 kwa saa. Gari moshi la kutoka Kaliua kuja Mpanda halijapata kuota mwendo huo. Lakini kumbukeni kwamba ni mbio za mita mia chache tu. Baada ya hapo pumzi humwisha, na hata akimkamata swala huwa hana nguvu ya kula papo hapo. Hulala kando ya windo lake akihema, huku akigeuza kichwa huku na huku, kwa kuwa anajua kwamba fisi au simba akifika, chakula si chake tena. Hapigani. Mnyama aishiye kwa mbio akivunjika mguu amekufa kwa njaa, basi ni heri aache nyama aende zake.

Hapo ndipo penye ufunguo wa habari zake zote. Watu wengi hudhani kwamba adui mkubwa wa duma ni mtu. Mtu ni adui, nasi tutamsema, lakini kabla ya mtu yuko simba. Simba huua watoto wa duma wala hawali, huwaua tu. Katika uchunguzi uliofanywa kwenye mbuga tupu za Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1980, ilionekana kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa, waliofikia umri wa kujitegemea walikuwa kama 5 tu, na simba ndiye aliyekuwa muuaji wao mkubwa. Si kila nchi hesabu ni hiyo. Mahali penginepo wengi zaidi wamepona. Lakini desturi ya mama ni moja kila mahali. Huwalea watoto peke yake bila msaada wa dume, huwaficha majanini, na kila baada ya siku chache huwahamisha mmoja mmoja kwa kinywa, ili harufu isikae. Watoto wachanga wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, na wataalamu wengine hudhani kwamba manyoya hayo huwafanya wafanane na nyegere, mnyama ambaye hata simba humfikiri mara mbili. Ninyi wafuga nyuki wa Inyonga, ambao nyegere huwavunjia mizinga, mtaamua wenyewe kama wamefanana.

Kwa ajili ya simba, basi, duma huwinda mchana, asubuhi na alasiri, wakati wengine wamelala. Na kwa ajili ya simba hakai pale penye simba wengi, hata pakiwa na swala tele. Hutafuta mapengo. Hili ni neno kubwa, tena ni tofauti na vile watu wanavyofikiri. Watu husema, "Serikali imetenga hifadhi, basi wanyama wana nchi yao, nasi tuna yetu." Kwa nyati maneno hayo yaweza kuwa karibu na kweli. Kwa duma si kweli. Wale wataalamu wa mwaka 2016 waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nchi wanamokaa duma duniani iko nje ya hifadhi: katika malisho, katika misitu, katika ardhi za vijiji.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Mtu akitoka Mpanda mjini kwenda kusini, mwendo wa kilomita kama 35, hufika Sitalike kwenye kingo za Katuma, na hapo ndipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, na baada ya kupanuliwa katika miaka ya 1990 ukubwa wake umekuwa kilomita za mraba 4,471. Jina lake latokana na Katabi, mwindaji wa kale ambaye mzimu wake husemwa kuwa hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wa nchi wamekuwa wakipeleka sadaka pale ili awape heri. Ndani yake mna mbuga za Katisunga, mna maziwa ya Katavi na Chada yanayojaa wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Kiangazi kikikaza, viboko kwa mamia hulaliana katika matope yaliyobaki, na nyati, pundamilia, nyamera na tohe hukusanyika mahali penye majani mabichi. Pale penye wanyama wote hao, bila shaka simba pia wapo.

Lakini mbuga hizo zimezungukwa na miombo, na miombo si nchi ya mbio. Duma wa Katavi ana visiwa vya mbuga katika bahari ya miti, naye lazima avuke kutoka kisiwa hata kisiwa. Huko Serengeti ilipimwa kwamba jike mmoja huzunguka katika nchi ya kilomita za mraba kama 800, akiwafuata swala. Ninyi wanafunzi fanyeni hesabu: ni karibu sehemu ya sita ya Hifadhi nzima ya Katavi, kwa jike mmoja! Ni kweli majike huingiliana katika maeneo yao wala hawagombani, kwa hiyo msigawanye tu mkasema wataenea sita. Hata hivyo mwaona kwamba nchi moja yenye mipaka, ingawa ni kubwa, haimtoshi. Anaihitaji ile misitu ya kaskazini na mashariki, ya Mlele na Inyonga, mpaka Mto Ugalla, ambako pori la akiba la zamani lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kati ya Katavi na Ugalla ndipo mlipo ninyi.

Nchi hiyo ya kati imebadilika katika maisha ya mtu mmoja. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walikuwa watu wachache katika pori kubwa. Tangu mwaka 1972 walikuja wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa nchi Katumba na Mishamo, na wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Tangu miaka ya 1970 pia walikuja wafugaji kutoka Usukuma na ng'ombe wao, wakitafuta malisho, wakashuka mpaka Mpimbwe na Bonde la Rukwa. Wakaja wakulima wa tumbaku, ambayo hukaushwa kwa kuni za miombo. Juu ya Katuma watu wakafungua mashamba ya mpunga na kuyageuza maji, hata kiangazi mto ukapungua kabla ya kufika mbugani. Sisi hatusemi kwamba mmoja wa hao amefanya dhambi. Kila mtu alitafuta chakula cha nyumba yake. Twasema tu kwamba ukijumlisha shamba na shamba, zizi na zizi, njia ya mnyama anayepita huzibwa bila mtu yeyote kukusudia kuiziba.

Na anapopita hukutana na nini? Kwanza hukutana na waya. Mtego wa waya hutegwa kwa ajili ya swala au tohe wa kitoweo, lakini waya hauna macho. Duma hupita katika vijia vile vile vya swala, kwa kuwa swala ndiye chakula chake. Akiingia shingo, hukazwa, na akiingia mguu, hata akijinasua, ni kilema asiyeweza kuwinda. Mwenye mtego hapati faida yo yote kwake. Kwa maoni yetu waya ndio ubaya mkubwa kuliko wote katika nchi hiyo, kuliko bunduki na kuliko mkuki, maana mwenye mkuki huchagua.

Sumu ni habari nyingine. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe hutia dawa ya wadudu katika mzoga ili amwue simba au fisi. Kusema kweli, duma mara chache sana hula mzoga, kwa hiyo sumu hiyo humdhuru yeye kidogo kuliko wengine. Huwaua tai kwa makundi, huua mbwa wa mwenye kuitia, na mvua ikinyesha huenda majini. Tumeitaja ili mtu asije akasema kwamba duma ndiye anayetafutiwa sumu.

Pengine hukutana na mama wa duma asipokuwapo. Mchunga mbuzi aona watoto wawili au watatu majanini, peke yao, na kwa huruma awachukua nyumbani. Hao si yatima. Mama amekwenda kuwinda, na huenda akakaa saa nyingi, lakini atarudi. Mtoto aliyechukuliwa hufa kwa maziwa ya ng'ombe, au huishi bila kujua kuwinda, ambayo kwa duma ni kufa kwa namna nyingine. Katika nchi za Pembe ya Afrika, watoto kama hao huuzwa na kuvushwa bahari kwa siri kupelekwa Arabuni kwa matajiri wanaopenda kuwafuga, na wengi hufia njiani. Biashara ya duma wa porini kati ya nchi na nchi imekatazwa kwa mapatano ya mataifa tangu mwaka 1975. Mkiwakuta watoto, ondokeni kwa njia mliyojia, wala msisimame kuwatazama, kwa sababu nyayo na harufu ya watu na mbwa huweza kumwongoza fisi.

Tumefika sasa penye neno gumu, nalo ni mbuzi. Duma aweza kula mbuzi, kondoo, na pengine ndama mdogo. Hatupendi wale wanaokuja vijijini na kusema kwamba mnyama huyu hana hatia kabisa. Mbuzi mmoja ni ada ya mtoto, au dawa ya mgonjwa, na mwenye mbuzi akikasirika hatumhesabu kuwa mtu mbaya. Hata kile ambacho serikali hulipa kwa madhara ya wanyama wakali, kwa kanuni za mwaka 2011, hakikuitwa fidia. Kiliitwa kifuta jasho na kifuta machozi, na majina hayo yasema yenyewe kwamba si bei ya kitu kilichopotea. Lakini kwa kuwa hasara ni ya kweli, ni lazima pia tumjue mwizi wa kweli. Mbuzi aliyeliwa usiku zizini, duma hakumla: huyo ni fisi au chui. Duma huja mchana, malishoni, pale wanyama walipotawanyika na mchungaji yuko mbali au amelala. Humshika windo kooni na kumnyonga. Akiona mtu mzima anamjia kwa kelele, hukimbia. Wala hatujapata habari iliyothibitishwa ya duma wa porini aliyemwua mtu.

Kwa hiyo dawa yake ni rahisi kuliko dawa ya simba. Haitaki ukuta wa chuma. Yataka mchungaji aliye macho, mbuzi wasitawanyike vichakani, na wanaokaribia kuzaa wabaki karibu na nyumba. Na yataka mbwa. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wa asili ya Anatolia, nchi ya Uturuki, ambao hulelewa pamoja na mbuzi tangu wakiwa wachanga hata wakajidhani kuwa ni ndugu zao. Mbwa hao ni wakubwa, nao hula sana. Si kila nyumba ya Mpimbwe itaweza kuwalisha. Lakini kazi yao kubwa ni kubweka na kusimama, na kubweka hata mbwa wa kwetu anajua. Achanjwe tu kichaa cha mbwa, asije akawa msiba mwingine kwa watu na kwa wanyama wa pori.

Wako watu watakaosema kwamba desturi haziwezi kubadilika. Tuwape mfano wa hapo hapo Katavi, ingawa ni habari ya simba. Kwa Wasukuma, mtu aliyemwua simba alikuwa shujaa aliyewakinga watu na ng'ombe. Alipambwa, akaenda nyumba kwa nyumba akicheza, na ndugu na jirani wakampa zawadi, hata ng'ombe. Ilikuwa desturi ya heshima katika nchi yenye simba wengi na watu wachache. Baadaye, katika vijiji vilivyo kando ya Hifadhi ya Katavi, ikaonekana kwamba wengine hawakungoja simba aje zizini. Walimfuata mbali, hata ndani ya hifadhi, kwa ajili ya zawadi za ngoma. Basi likaanzishwa shirika lililoitwa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, nalo halikuja na amri. Liliwaendea wafugaji wenyewe na wazee wao, na shauri likawa lao: kwamba anayekwenda kumtafuta simba si mlinzi wa ng'ombe, ni mwindaji, na mwindaji hapaswi zawadi ya mlinzi. Vijiji vikatunga sheria zao ndogo juu ya ngoma hizo. Twaona ni jambo la akili sana. Hawakuivunja heshima ya kale. Walirudisha maana yake ya kwanza.

Katika nchi ya Ruaha walifanya kwa namna nyingine. Shirika lililoanza kazi huko mwaka 2009 chini ya Bibi Amy Dickman lilisaidia wafugaji kujenga mazizi ya nyaya imara, kisha likavipa vijiji kamera zinazofungwa mtini, ambazo hupiga picha zenyewe mnyama anapopita. Kila picha ya mnyama katika ardhi ya kijiji ilihesabiwa alama, na wanyama walio haba au wa hatari walipewa alama nyingi kuliko digidigi. Vijiji vikashindana, na kwa kadiri ya alama vikapata vifaa vya shule, vya zahanati, na dawa za mifugo. Hivyo duma apitaye kimya kijijini usiku wala mchana asionwe na mtu, aliacha kitu nyuma yake: daftari. Wakubwa wa mikoa mingine wangefanya vema kuitazama kazi hiyo, kwa sababu mara nyingi kijiji huombwa kutunza mnyama kwa maneno matupu.

Kuna wanaodhani kwamba duma wakiisha Katavi watu wataleta wengine kutoka Serengeti kwa gari. Waisikie habari ya Bara Hindi. Huko wafalme waliwafuga duma kwa mamia ili wawawindie swala, wakiwakamata porini, kwa kuwa ni shida sana kuwazalisha vizimbani. Duma wa mwisho wanaojulikana huko walipigwa risasi mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1952 serikali ikatangaza kwamba wameisha. Ikapita miaka 70. Mwezi wa Septemba 2022 duma 8 walipandishwa ndege kutoka Namibia wakapelekwa mbuga ya Kuno, na mwezi wa Februari 2023 wakafuata 12 kutoka Afrika Kusini. Kazi hiyo imetaka ndege, madaktari, nyua, walinzi na fedha nyingi, na baadhi yao wamekufa, ingawa watoto pia wamezaliwa. Malawi nao waliwarudisha wao kwa njia hiyo mwaka 2017. Nchi ambayo bado ina wake wachache porini, wanaojipatia chakula wenyewe bila mshahara wa mtu, haijalipa hata senti moja ya gharama hizo.

Wengi wametuuliza wafanye nini hasa wakimwona. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kumwua au kumkamata mnyama wa pori bila kibali, hilo mwalijua. Lakini zaidi ya sheria, habari zenu zina kazi. Wenye ndege huhesabu tembo kutoka juu. Duma hahesabiki hivyo. Habari zake zakusanywa moja moja, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, iliyo Arusha, imekuwa ikikusanya picha na taarifa za duma kutoka kwa kila mtu aliyewaona. Mfuga nyuki aendaye Mlele kurina asali hupita mahali ambapo mtaalamu hafiki kwa mwaka mzima. Mchunga ng'ombe wa Usevya vile vile.

Basi mkiona duma, au unyayo wenye makucha na kanda ya sehemu tatu, mwandike siku na saa. Jina la mahali, na mto au kilima kilicho karibu. Walikuwa wangapi, na kama kulikuwa na watoto, walikuwa wakubwa kiasi gani. Na kama mmoja alikuwa na waya shingoni au akichechemea. Unyayo mwupime kwa kijiti, mkate kijiti kwa urefu wake, na kama mna simu upigeni picha pamoja na kijiti kabla mvua haijaufuta. Kisha mpeni habari ofisa wa wanyamapori wa halmashauri yenu, au askari wa hifadhi pale Sitalike. Mwalimu aweza kuweka daftari moja shuleni kwa kazi hiyo. Kurasa nyingi zitakaa tupu kwa miezi, msizing'oe.